Mti ukianguka Muthangari: Safari ndefu ya ubao hadi mezani

Ukitaka kuujua mtaa wa Muthangari usiupitie kwa gari. Teremka matatu kwenye barabara ya Waiyaki kabla hujafika Kangemi, uingie barabara ya James Gichuru, kisha uendelee kwa miguu. Kelele za malori yaendayo Nakuru zitabaki nyuma yako, na kabla hujachoka utaanza kusikia sauti nyingine mbili. Ya kwanza ni ya ndege, kwa kuwa miti bado ipo. Ya pili ni ya msumeno wa injini, kwa kuwa miti hiyo inapungua.

Zamani ardhi hii ilikuwa ya kahawa. Mapadri Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Mtakatifu Austin hapa mwaka wa 1899, na mibuni yao ni miongoni mwa ile ya mwanzo kupandwa katika sehemu za Nairobi. Kanisa lingali lipo. Barabara ya James Gichuru nayo iliitwa St Austin's Road kabla ya kupewa jina la waziri wa kwanza wa Fedha wa Kenya huru. Kahawa ilipoondoka zilikuja nyumba za ghorofa moja zenye nyua pana, na katika kila ua wenye nyumba walipanda mijakaranda, misaipresi, migrevilea, mikaratusi na miparachichi.

Leo nyumba hizo zinaondoka moja baada ya nyingine. Panapobomolewa nyumba ya familia moja hujengwa ghorofa za familia arobaini au zaidi, na miti ya uani huwa ya kwanza kuondolewa ili malori ya mchanga yapate njia. Si kila mti hupata bahati ya ule mugumo mkubwa wa Westlands, ulio kando ya barabara hii hii ya Waiyaki, ambao Novemba 2020 uliponea chupuchupu kung'olewa ili kupisha ujenzi wa barabara kuu ya juu. Wananchi walipiga kelele, na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaagiza uhifadhiwe. Mti wa uani kwako hauna rais wa kuutetea. Ukianguka, ni wewe na jamaa zako mtakaoamua utakuwa nini.

Makala haya ni kwa ajili ya siku hiyo.

Kuni au meza?

Tuseme wazazi wamezeeka na kurudi mashambani, au wameaga dunia, na kiwanja kimeuzwa. Ndugu wanne wamekusanyika Jumamosi kuhamisha vitu. Fedha zitagawanywa kwa wakili na vyombo vitagawanywa kwa maelewano. Lakini mjakaranda uliokuwa ukimwaga maua ya zambarau kila Oktoba, ambao kila mmoja wenu aliwahi kuanguka kutoka tawi lake, utagawanywaje?

Mara nyingi haugawanywi. Kufikia jioni wenye mikokoteni wamefika, gogo limekatwa vipande vya futi moja moja na kuuzwa kwa bei ya kuni. Mti wa miaka hamsini hupikia maharagwe ya wiki chache, basi.

Kuna njia nyingine. Gogo linaweza kupasuliwa kwa urefu, papo hapo uani, kwa msumeno wa injini uliofungwa kwenye fremu ya chuma au kwa mashine ya kubebeka. Vipande vinene na vipana vinavyopatikana ndivyo mafundi wetu wanaita slabu. Gogo moja zuri laweza kutoa slabu sita au nane, na slabu moja ni meza ya chakula ya familia nzima. Hapo kila ndugu atakuwa na kipande cha mti wa nyumbani.

Taabu ni kwamba slabu mpya hudanganya macho. Siku inapopasuliwa hung'aa, nyuzi zake huonekana kama maji yanayotiririka, na kila mtu hutaka meza ifikapo Krismasi. Ukiisimamisha ukutani na kuisahau, mwezi haupiti kabla hujakuta imepasuka ncha zote mbili, imejikunja kama kigae na imeota madoa ya buluu. Basi kuni zinakuwa zile zile, ila sasa zimekugharimu pesa za kupasua.

Maji yaliyojificha ndani ya ubao

Kwa nini hali iwe hivyo? Jibu ni maji. Wataalamu hupima unyevu wa mbao kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mbao yenyewe ikiwa imekauka kabisa. Kwa hesabu hiyo mti mbichi waweza kuwa na unyevu wa asilimia 100 au zaidi, yaani uzito wa maji umelingana na uzito wa mbao au kuuzidi.

Tufanye hesabu ndogo, na wanafunzi watusaidie. Chukua slabu ya urefu wa mita 2.4, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 6. Ikiwa mti huo una kilo 450 za mbao kavu katika kila mita moja ya ujazo, slabu hiyo ina karibu kilo 39 za mbao. Ikiwa mbichi na unyevu wake ni asilimia 100, ina kilo 39 nyingine za maji. Ili ifikie asilimia 12 ni lazima ipoteze karibu lita 34, ambazo zingejaza mtungi wa lita 20 na kuacha nyingi za kujaza wa pili zaidi ya nusu. Maji hayo yote hayana mlango mwingine wa kutokea ila kupitia nyuzi za mbao, polepole, hadi hewani.

Mwanzoni hutoka maji yaliyomo katika matundu ya nyuzi, na ubao haubadiliki umbo. Unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, maji yaliyoshikamana na kuta za nyuzi zenyewe huanza kutoka, na hapo ndipo ubao hunywea. Tena haunywei sawasawa. Kwa kufuata mviringo wa mti hunywea karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kiini kwenda kwenye gome, na kwa urefu hunywea kidogo mno. Slabu yetu ya sentimita 60 inaweza kupoteza sentimita 2 au 3 za upana, huku urefu ukipungua kwa milimita moja au mbili tu. Vuta nikuvute hiyo ndiyo inayopinda mbao.

Nyufa nazo zina sababu yake. Maji hutoka kwenye ncha kwa kasi mara nyingi zaidi ya yanavyotoka ubavuni, kwa sababu nyuzi za mti ni kama mirija na kwenye ncha mirija hiyo iko wazi. Ncha hukauka na kutaka kunywea, ilhali sehemu ya katikati ingali mbichi na haitaki kusogea. Kisichoweza kunyooka hupasuka. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kama walikuwa wamesimama mbele ya slabu.

Kalenda ya mvua

Hapa ndipo Muthangari yenyewe inaingia. Kule Dagoretti Corner, mwendo mfupi kutoka mtaa huu, ndiko makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mvua ndefu hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba, na kati ya Juni na Agosti kuna baridi, mawingu na manyunyu. Asubuhi nyingi unyevu hewani hupita asilimia 80, na alasiri za Februari huweza kushuka hadi karibu 40.

Ubao hufuata hewa. Hewa ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 65, mbao hutulia kwenye asilimia 12 hivi. Hewa ikiwa 80, mbao hutulia kwenye 16, na ikiwa 90 mbao haziwezi kushuka chini ya 20. Kuvu waozeshao mbao huhitaji unyevu wa zaidi ya 20, kwa hiyo slabu iliyopangwa vibaya mwezi wa Aprili hukaa mahali hasa ambapo kuvu hupenda.

Je, ni wakati gani bora wa kupasua mti? Wengi watasema Januari, kwa kuwa kuna jua. Fikiri tena. Jua kali na upepo mkavu vikiupata ubao mbichi hukausha ngozi yake kabla ya tumbo, na nyufa hufuata. Aprili nayo huleta ukungu. Kama una hiari, mwanzo wa Juni unafaa sana, kwani mvua kubwa zimepungua, hewa ni baridi, na miezi mitatu ya mawingu huondoa maji taratibu. Septemba inapofika ubao umekwisha kuzoea, na jua la Januari na Februari litamalizia kazi bila kuuvunja. Kama mti umeanguka Januari na huna hiari, zungushia mrundo magunia au wavu wa kivuli kwa wiki sita za kwanza. Kama umeanguka Aprili, panua nafasi za kupitisha upepo na ukague ukungu kila wiki.

Namna ya kupanga

Sasa tukunje mikono ya shati. Hakuna jambo katika haya linalohitaji mashine. Yanahitaji ua, macho na subira.

Kwanza, ziba ncha siku ile ile mti unapopasuliwa. Usingoje kesho. Nta ya mishumaa iliyoyeyushwa, au rangi nzito ya mafuta iliyobaki ulipopaka lango, mikono miwili, inatosha. Ondoa gome pia, kwa sababu chini yake ndiko wadudu hutaga mayai.

Pili, mwambie mwenye msumeno apitishe mkato katikati ya kiini cha mti. Slabu yenye kiini kizima ndani yake karibu daima hupasuka hapo. Aidha, akate unene uliozidi ule unaoutaka. Ukitaka meza ya sentimita 5 basi pasua 6 au 7, maana randa itakula sehemu yake.

Tatu, tengeneza kitanda. Panga mawe ya kujengea yainuke sentimita 45 kutoka ardhini, kwani mvua za Nairobi hurusha matope na ardhi yenyewe hupumua unyevu usiku kucha. Juu ya mawe laza boriti zilizonyooka. Pima kwa pimamaji. Kitanda kikipinda slabu zitapinda vivyo hivyo, na zikishakauka hazirudi.

Nne, tenganisha kila slabu na mwenzake kwa fito kavu za unene wa sentimita 2.5, moja kila baada ya sentimita 40 hivi, na moja karibu kabisa na kila ncha. Fito za safu ya juu zikae sambamba na za safu ya chini, moja juu ya nyingine, kama nguzo ya nyumba. Fito mbichi zitaacha madoa ambayo randa haiyatoi. Zipange slabu kwa utaratibu zilivyotoka katika gogo, kama kurasa za kitabu, ili siku ya kutengeneza meza mbili zinazofanana ujue ni ipi na ipi.

Tano, weka mabati juu yake yakizidi mrundo kwa sentimita 30 kila upande, na juu ya mabati weka mawe mazito. Uzito huo huzuia slabu za juu kujikunja. Kamwe usifunike ubavu kwa karatasi ya nailoni. Ubao uliofungwa nailoni hutoka jasho, na katika siku kumi utakuta bustani ya ukungu. Upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka upande wa mashariki, basi ubavu mrefu wa mrundo uelekee huko, tena usiushikamanishe na ukuta wa jirani.

Sita, andika tarehe kwenye ncha. Mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene ndiyo kanuni ya zamani ya miti migumu duniani kote. Slabu ya sentimita 6 ni inchi mbili na ushei, kwa hiyo hesabu miaka miwili na zaidi. Mbao za saipresi za inchi moja hukauka kwa miezi michache, lakini slabu nene haidanganyiki.

Kila mti na tabia yake

Nairobi ina historia ndefu ya kujaribu miti. Bustani ya Arboretum, ng'ambo ya Kileleshwa, ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kupima ni miti gani ya kigeni ingekua haraka na kulisha injini za reli kwa kuni. Mingi ya miti ya uani Muthangari ni jamaa za ile iliyojaribiwa enzi hizo.

Saipresi ni mpole. Hukauka vyema, hunukia, na hunyooka ukiitendea haki, ingawa mafundo yake hupasuka. Mgrevilea una nyuzi zenye madoadoa ya kupendeza, lakini vumbi lake huwasha ngozi na pua za baadhi ya watu, basi funika uso unapopiga randa. Mjakaranda ni mwepesi na laini, na adui yake ni doa la buluu, kwa hiyo usiache gogo lake likalala chini wiki nzima kabla ya kulipasua. Mkaratusi ndio mkorofi wa ukoo. Una nguvu zilizojibana ndani yake, na wakati mwingine huanza kupasuka msumeno ungali unanguruma. Upasue haraka, uzibe ncha maradufu na uukaushe kivulini kabisa.

Wadudu nao wapo. Dumuzi hupenda sehemu nyeupe ya nje ya miti yenye wanga, na dalili yake ni unga laini unaoanguka chini ya matundu madogo. Chumvi za boroni zilizoyeyushwa majini na kupakwa ubao ungali mbichi huzama ndani na kuukinga. Usipake mafuta machafu ya gari. Huenda yakafaa nguzo ya ua, lakini hakuna atakayefurahia kula ugali juu yake. Kwa mchwa, kagua miguu ya mawe kila mwezi na uvunje kila njia ya udongo uionayo.

Moto ni adui wa mwisho. Wanairobi hatujasahau Juni 2018, soko la Gikomba lenye mbao na nguo nyingi lilipoungua usiku na watu wasiopungua 15 kupoteza maisha. Usirundike slabu karibu na jiko la makaa, mitungi ya gesi au nyaya za stima zilizochubuka, wala maranda yasikae chini ya mrundo.

Ni nani mwenye muda?

Hebu sasa tuvuke hadi barabara ya Ngong, ambako mafundi wa jua kali wameanika vitanda, makabati na meza kando ya lami. Watu wengi huwalaumu. Utasikia mama akilalamika kwamba kabati lilinunuliwa Novemba na kufikia Februari milango haifungi, au meza imefunguka katikati kama mdomo. Husema fundi ni mwongo.

Lakini tazama hali ya fundi. Mbao anazonunua asubuhi huenda zilikuwa mti wiki chache zilizopita. Anakodi nafasi ndogo kando ya barabara. Hana ua wa kurundika slabu kwa miaka miwili, na hata kama angekuwa nao, hana pesa za kulaza zisizozaa kwa muda huo wote huku karo ikimngoja. Mteja naye anataka kitanda kwa wiki mbili na amekwisha kupunguza bei mara tatu. Katika biashara ya mbao, muda ni mtaji kama pesa, na kati ya wote walio katika mnyororo huo hakuna anayelipwa kwa kungoja. Basi anayelipia haraka ni wewe, kila mlango unapokwama.

Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, hali ilizidi kuwa ngumu. Mbao zilizidi kuletwa kutoka Tanzania, na miti ya mashamba ya watu binafsi ikawindwa kila pembe. Mwezi Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo, jambo ambalo wapenda mazingira walilipinga mahakamani. Ni mjadala ambao si mgeni kwa mji huu, ambamo Profesa Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa mwaka wa 1999 akiutetea msitu wa Karura.

Ndiyo maana nasema, msomaji, familia yenye ua ina kitu ambacho fundi hana. Ina nafasi na ina muda. Ukimpelekea fundi slabu iliyokauka vyema, utaona mkono wake ulivyo. Atakutengenezea meza ambayo mbao za haraka hazijawahi kumruhusu kuitengeneza. Pia utakuwa umempa kazi badala ya lawama. Na kama kiwanja kimekwisha kuuzwa, pengine yuko ndugu mmoja mwenye nafasi huko Kikuyu, Ngong au Rongai. Mrundo uhamie kwake, na wengine wachangie mabati.

Utajuaje kama umekauka?

Usitumie kidole, wala usitumie neno la mtu. Vipo vipimo vidogo vya umeme vinavyochomwa kwenye ubao, na mafundi wengine wanavyo. Lakini jikoni kwako pia kuna maabara. Kata kipande kidogo, si kwenye ncha bali sentimita 30 ndani, ukipime kwa mizani ya keki. Kiweke katika oveni kwa nyuzi 103 hivi, ukipime tena kila baada ya saa kadhaa hadi uzito ukome kupungua. Kama kilikuwa gramu 230 na kimebaki gramu 200, kimepoteza gramu 30 za maji. Gawanya 30 kwa 200 upate asilimia 15. Kwa meza ya ndani ya nyumba hapa Nairobi, ngoja ishuke hadi 12 au chini kidogo. Ubao uliokaa uani huishia 13 au 15, hivyo uingize nyumbani wiki kadhaa kabla ya kuukabidhi kwa fundi, ukiwa ungali juu ya fito zake.

Wanafunzi wanaweza kufanya zaidi. Kateni kipande kidogo kutoka gogo lile lile, zibeni ncha zake, kiwekeni katikati ya mrundo, na mkipime kila mwisho wa mwezi. Chora jedwali. Utaona mstari ukianguka kwa kasi mwanzoni, kisha ukilala, kisha ukipanda kidogo mvua za Aprili zikirudi. Ukiacha kushuka kwa miezi mitatu ya kiangazi, mti umemaliza kusema.

Kwa wanaotaka kujua zaidi, Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) ina kituo cha utafiti wa mazao ya misitu hapo Karura, na kazi yake ni mambo kama haya.

Kumbuka pia kwamba ubao hauachi kupumua hata baada ya kuwa meza. Meza iliyotulia katika joto la unyevunyevu la Mombasa ikiletwa Nairobi itanywea. Wachongaji wa Kikamba wanaijua habari hiyo kwa uchungu. Twiga aliyechongwa kwa mti mbichi hununuliwa akiwa mzima, kisha hupasuka tumbo katika nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi. Huko Marekani, seremala George Nakashima, aliyefariki mwaka wa 1990, alijipatia sifa kwa meza za slabu zenye kingo zilizoachwa jinsi mti ulivyokua. Yeye hakuzificha nyufa. Alizishika kwa vipande vya mbao ngumu vyenye umbo la kipepeo, vikawa pambo. Kwa hiyo ufa mmoja usikukatishe tamaa. Mafundi wetu wanaweza kuchonga kipepeo, mradi mti uwe umetulia.

Kabla ya msumeno

Mwisho, msomaji, yako mambo mawili ya kufanya hata kabla ya mti kuguswa. Uliza serikali ya kaunti na Shirika la Huduma za Misitu (KFS) kuhusu vibali vya kukata mti na vya kusafirisha mbao, hata kama mti ni wako mwenyewe, ili usije ukasimamishwa njiani na slabu juu ya pikapu. Na jiulize kama ni lazima mti huo uanguke. Mchoraji wa majengo akiombwa mapema anaweza kusogeza ukuta mita tatu. Akiombwa siku lori la mchanga limefika, hawezi.

Ikiwa ni lazima, basi kabla ya kupasua kaeni pamoja, ndugu wote, muamue nani atachukua slabu gani, na muandike majina kwenye ncha karibu na tarehe. Mtoto anayeingia shule ya upili siku mrundo unapopangwa atakuwa karibu kumaliza siku ya kuondoa mabati. Mpe yeye daftari la vipimo. Na mahali popote mtakapohamia, pandeni mche mwingine, kwani subira huvuta heri, lakini haivuti kivuli kama hakuna aliyepanda.